Mama wa Mabinti Anakula Krismasi na Nani?

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, kupata gari la kuelekea magharibi ukiwa hapa Nakuru ni kazi. Mabasi ya Busia, Bungoma, Kakamega na Siaya yanatoka Nairobi yakiwa yamejaa. Matatu za Kisumu zinapandisha nauli, wakati mwingine hadi maradufu, na abiria wanalipa kwa sababu wameshaahidi kufika. Ndani ya kila gari utaona baba, mama na watoto wawili au watatu, unga wa ngano na mafuta ya kupikia vikiwa chini ya miguu yao. Wametoka mitaa tofauti, Kaptembwa, Rhonda, Free Area, Section 58, na wanaenda vijiji tofauti. Lakini karibu wote wanaelekea upande mmoja wa ndoa: kwa wazazi wa mume.

Nyumba nyingi hazijadili jambo hilo. Watu hujadili siku ya kusafiri, nani atanunua nini, mtoto mchanga atalala wapi na nyumba ataachiwa nani. Swali la tunaenda kwa nani halifiki mezani, kwa kuwa jibu lake linadhaniwa lilishatolewa siku ya harusi. Mimi nataka tuliulize kwa sauti, na sababu yangu ni mtu mmoja ambaye utaratibu huu umemsahau kabisa. Ni mama aliyejaliwa watoto wa kike pekee. Aliwalea, akawasomesha kwa kuuza mboga soko la Luanda au omena soko la Kibuye, akawaozesha kwa heshima. Sasa mumewe amekufa. Mabinti wake wanne wameolewa na wanaume wazuri, na siku ya Krismasi mabinti hao wanne wako kwenye majiko ya akina mama wengine wanne. Yeye atapigiwa simu nne na kutumiwa pesa mara nne. Kuku, kama atachinja, atamla na mtoto wa jirani.

Tazama ukali wa jambo hili: kadiri mabinti wake wanavyoziheshimu ndoa zao, ndivyo yeye anavyozidi kubaki peke yake. Angekuwa na binti mmoja aliyeachika, angekuwa na mtu wa kula naye.

Tukiambiwa tubadilishe, tunajibu kwamba ndiyo mila. Nimelifuata jibu hilo hadi chanzo chake na sioni kama linasimama. Desturi ya kusafiri kila Desemba kwenda kwa wazazi wa mume ina historia, historia yenyewe ni fupi, na mambo yaliyoifanya iwe na maana yamekwisha.

Reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, Desemba 1901. Miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikianza kutoza kodi ya nyumba, na kodi ilihitaji fedha. Fedha zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi huku Nakuru na Njoro, kwenye majani chai ya Kericho, relini, na bandarini Mombasa. Wanaume wa Nyanza na magharibi wakaondoka. Mke alibaki kijijini kwenye boma la wakwe akilima na kulea, kwa sababu mshahara wa mwajiriwa ulipangwa kama wa mtu asiye na familia, na chumba alichopewa mjini kilikuwa cha kuweka kitanda tu. Hili serikali yenyewe ililikubali. Kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilipotoa ripoti yake mwaka 1954, ilipendekeza mshahara upandishwe hatua kwa hatua hadi uweze kumweka mtu pamoja na mke na watoto wake.

Sasa fikiria Krismasi ya mwanamume yule. Anashuka Kisumu kwa treni, au anaendelea kwa reli ndogo ya kwenda Butere, kisha anatembea hadi kwao. Anaenda kwa nani? Anaenda kwa mkewe na watoto wake. Wazazi anawakuta kwa kuwa wao ndio wenye boma ambamo mke wake anaishi. Ilikuwa safari ya mume kurudi kwenye familia yake mwenyewe. Mke hakuwa na la kuchagua kwa sababu hakuwa akisafiri. Alikuwa amekaa na wakwe mwaka mzima. Na kwao, mara nyingi, palikuwa ng'ambo ya mto au nyuma ya kilima kile pale, mwendo wa saa moja au mbili kwa miguu, kwa hiyo angeweza kumwona mama yake hata siku ya soko.

Familia ya leo ya Nakuru haifanani na hiyo. Mke anaishi mjini na mumewe. Ni mwalimu, ni nesi, ana duka lake. Wote wawili wako mbali na wazazi waliowazaa. Wanapofunga mlango tarehe 23 Desemba, hakuna kati yao anayerudi kwenye familia yake, kwa maana familia yao ndiyo hiyo iliyobeba mikoba. Wanaenda kuwatembelea wazazi, na wazazi wana pande mbili. Tumeirithi safari ya babu zetu bila kuona kwamba abiria wamebadilika.

Kitu cha pili kilichobadilika ni idadi ya watoto, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Fanya hesabu mwenyewe, ukichukulia kwamba kila uzazi unaweza kuleta mvulana au msichana sawasawa. Mama mwenye watoto 8 ana nafasi moja tu kati ya 256 ya kuwa na mabinti pekee. Mwenye watoto 3 ana nafasi moja kati ya 8. Mwenye watoto 2, moja kati ya 4. Zamani boma la kawaida lilitoa mabinti watatu au wanne kwenda kwa watu na kupokea wake watatu au wanne, kwa hiyo Desemba jiko halikukosa mikono wala uwanja haukukosa wajukuu. Kanuni ya kwenda kwa mume ilimnyima mama mabinti wake, lakini wana walimjazia nafasi. Nyumba isiyo na mwana wa kiume ilikuwa nadra. Sasa nyumba hiyo iko kila mtaa na kila kijiji, na itazidi kuwepo, kwa sababu sisi tunaozaa wawili leo ndio tutakaokuwa wazee. Mzazi mwenye wasichana wawili anayeishi kwa kanuni hii anajipangia uzee wake mwenyewe.

Na Krismasi yenyewe? Wamisionari wa kanisa la Friends walifika Kaimosi mwaka 1902. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, mwaka uleule ilipoanzishwa shule ya Maseno. Kabla ya hapo hakuna babu wa Kimaragoli, wa Kibukusu wala wa Kiluo wa maeneo hayo aliyewahi kumwelekeza mwanawe sikukuu hii aile kwa nani. Mila zetu zinasema mambo mengi na ya maana kuhusu wakwe, nami ninayaheshimu. Kwa Waluo, mkwe halali kwenye boma la wazazi wa mkewe. Kwa Waluhya wengi, mwanamume na mama mkwe wake wanaacha nafasi kati yao. Hawashikani mikono, hawaketi meza moja. Lakini hizo ni kanuni za kulala na kuketi. Hazikatazi kufika. Unaweza kulala gesti Ahero, Katito au Mbale mjini, ukafika kwa wakwe saa nne asubuhi, ukala, mkazungumza, ukaondoka jua likishuka, na hakuna mzee atakayesema umevunja kitu. Katika boma la Kiluhya mkwe huchinjiwa kuku akawekewa mbele yake mzima. Ni wanaume wangapi wamefanyiwa heshima hiyo mara moja tu maishani, siku waliyokwenda na mahari?

Hilo la mahari linaniuma. Desemba ndio msimu wa ayie, ile sehemu ya mahari ambayo Waluo humpa mama wa binti, na wa ng'ombe, kwa kuwa ndipo watu wote wako nyumbani. Msafara wa magari unaingia Nyakach au Ugenya, mama wa binti anakabidhiwa chake, wazee wanasimama mmoja mmoja kusema kwamba kuanzia leo sisi ni watu wamoja. Nyimbo, picha, machozi. Desemba inayofuata hakuna gari hata moja linalokata kona kuingia kwa mama huyo. Mahari hutolewa ili undugu uanze. Tumeyageuza yakawa risiti ya kumchukua mtu na kutorudi.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa. Sheria ya urithi nayo haimwondoi binti kwenye mali ya babake kwa sababu ameolewa. Mtu anayeweza kurithi shamba hawezi kuwa mgeni wa kupita kwenye uwanja wa shamba hilohilo.

Kuna jambo jingine ambalo kimya chetu kinalificha, nalo ni kazi. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wanawake wengi wanatumia sehemu kubwa ya siku hizo wakiwa wameinama mbele ya sufuria kwa mama mkwe. Mke anaamka kabla ya jua kufagia uwanja. Anateka maji, anakanda unga wa chapati za watu arobaini, anaosha vyombo vya mchana huku chakula cha jioni kikiwa jikoni, na chai ikichelewa ni yeye anayesemwa. Wanaume wako chini ya mwembe. Sidharau kazi ya jikoni. Wengi wetu tunaifanya kwa moyo, na maongezi ya wake za ndugu wanaopika pamoja usiku wa kuamkia Krismasi ni moja ya raha kubwa za mwaka; kuna mambo ya ukoo ambayo hayasemwi mahali pengine popote. Ninachosema ni kwamba anayeamua tuende wapi si yule anayekwenda kupika huko. Ndiyo maana uamuzi haubadiliki. Kwa aliyeufanya, hauna gharama.

Mwambie mume huyohuyo kwamba Krismasi hii, ijayo, na zote za miaka ishirini mbele ataketi kwenye kiti cha wageni, akipima kila neno kabla ya kulisema, akicheka hata pasipochekesha, akisubiri mtu mwingine aseme ni wakati wa kulala. Ataomba angalau mwaka mmoja apumzike. Mkewe naye anaomba huohuo.

Kwa haki, mama wa mume si adui katika habari hii. Nimeolewa Vihiga, kwetu ni Nyakach, na ninaandika haya nikiwa na mama mkwe ninayempenda. Akina mama hawa nao walikaa miaka mingi jikoni kwa watu wakingoja siku ambayo uwanja utajaa kwa ajili yao. Wanafuga kuku tangu Agosti, na kila kuku ana mjukuu wake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba mwaka huu hamji ni jambo zito, na halifai kufanywa kwa ujumbe wa simu tarehe 22 Desemba.

Tena yapo mambo ambayo kweli yanamtaka mwana awe kwao mwisho wa mwaka. Sensa ya 2019 ilipata Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba. Shamba la babu limegawanywa likabaki vipande vya nyumba moja na migomba michache, na mikutano ya mipaka hufanyika siku hizo za mwisho wa mwaka kwa sababu ndugu wote wapo. Asiyekuwepo husogezewa mpaka. Nakubali. Lakini mkutano huo ni wa asubuhi moja, na unamhitaji yeye, si mkewe na watoto. Anaweza kwenda peke yake tarehe 27, akaketi na ndugu zake, akarudi. Kadhalika tamasha la utamaduni la Wamaragoli, linalofanyika Mbale kila 26 Desemba: mtoto aliyezaliwa na kukulia Nakuru anastahili kuliona, asikie lugha ya babake ikiimbwa na umati. Hahitaji kuliona kila mwaka ndipo ajue kwao.

Hapa Nakuru suala hili lina sura yake ya pekee, kwa kuwa ndoa za jamii mbili ni za kawaida. Mwanamume wa Bungoma amemwoa binti wa Njoro au wa Bahati. Wazazi wa mke wako karibu, matatu moja tu, na hoja inakuwa kwamba hao tunawaona mwaka mzima. Ni kweli wanaonwa. Wanaonwa Jumapili jioni, mtu akipita kuchukua viazi. Wanaonwa wakati mtoto ana homa na hakuna wa kumwangalia. Wanaonwa, yaani, wakati wanapohitajika. Kumpitia mzazi akusaidie si sawa na kuketi naye siku ya sikukuu ukiwa umemletea nyama, umevaa vizuri na huna haraka. Nyanya wa karibu analea wajukuu miezi kumi na moja, kisha mwezi wa kumi na mbili wanavalishwa nguo mpya na kupelekwa kwa nyanya mwingine. Mimi naona huo ni ukosefu wa shukrani, hata kama hakuna aliyekusudia.

Na mji huu una sababu ya kulijali hilo kuliko miji mingine. Katika wiki za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 27 Desemba 2007, zipo ndoa hapa ambazo watu wa pande zote mbili walitaka zivunjike. Naamini mkwe ambaye uso wake ulikuwa unajulikana kwenye uwanja wa wakwe, aliyekuwa amekula nao na kucheka nao, alikuwa na kinga ambayo mkwe wa picha ya harusi hakuwa nayo. Undugu wa namna hiyo haujengwi wakati wa shida. Hujengwa mezani, katika miaka isiyo na habari.

Basi tuamue vipi? Wengi wanapendekeza zamu: mwaka huu kwenu, mwaka ujao kwetu. Ni bora kuliko kimya, lakini sipendi tuanzie hapo, kwa sababu zamu inazihesabu pande mbili kana kwamba zinalingana, na mara nyingi hazilingani. Upande mmoja una wana watatu na wajukuu kumi na wawili. Nyumba itajaa mkiwepo, itajaa msipokuwepo. Upande mwingine una mama mmoja na redio. Swali la kwanza liwe hili: tusipoenda, nani atakula peke yake? Jibu lake lishinde mengine yote, liwe la upande wa mke au wa mume. Maana yapo pia maboma ambamo mwana ni mmoja tu na dada zake wako mbali, na huko hoja yangu inamrudisha mume kwao bila ubishi. Zamu ije baada ya hapo, kwa familia ambazo pande zote zina watu.

Pale mabinti wakiwa wanne, wapange wao kwa wao kwamba kila mwaka mmoja wao yuko kwa mama. Kwa mume wa kila mmoja, hiyo ni Krismasi moja katika miaka minne. Mwanamume aliyelelewa vizuri, akielezwa hivyo, sioni atasimama wapi kukataa. Hata mabinti wawili tu wanaweza kumfanya mama yao asikae Krismasi hata moja bila mtoto wake, mradi wazungumze mapema. Kinachoshangaza ni kwamba dada hawa huzungumza kila siku, wana kundi lao la familia kwenye simu, huchangishana dawa na mbolea, na jambo hili hawaligusi. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye mume rahisi.

Halafu tuitenganishe tarehe na ziara. Watoto wako likizoni kuanzia Novemba hadi mapema Januari. Nauli ya Novemba ni ya kawaida na barabara ina nafasi. Wajukuu wanaweza kutangulia kwa nyanya mmoja wakakaa wiki mbili nzima, wakachunga ndama, wakatumwa dukani, wakajifunza lugha kwa kuchekwa na binamu zao, kisha familia ikaenda upande wa pili kwa sikukuu. Wiki mbili hizo zinampa nyanya kitu ambacho siku tatu za Desemba, zenye watu arobaini na moshi, hazimpi kamwe. Na tukisambaza safari zetu tutaipunguzia barabara mzigo. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi lililotoka Busia liligongana na lori pale Migaa, karibu na Sachang'wan, na watu 36 wakafa. Kila anayeishi Nakuru anaijua wiki hiyo ya mwisho wa mwaka, magari yakiwa yamefuatana usiku kucha na madereva wakiwa hawajalala vizuri tangu Krismasi.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Wapo wanaojaribu kuwaridhisha wote kwa kwenda pande zote mbili ndani ya siku tano: mchana kwa mume, kesho yake kwa mke, watoto wakitapika njiani. Ukiweza, sawa. Wengi hawawezi, na Januari huja na karo, sare na vitabu bila kuuliza ulikokuwa. Sikukuu moja, safari moja. Upande wa pili upelekewe kitu mapema. M-Pesa imekuwepo tangu 2007 na imetusaidia sana, lakini imetupa pia njia nyepesi ya kujisikia tumefika. Shilingi elfu tatu zilizotumwa asubuhi ya Krismasi zinanunua nyama. Haziketi na mtu.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaleta wazazi wote mjini. Kwa wachache linafaa, na mzee ambaye hajawahi kupanda Menengai au kuona ziwa Nakuru atafurahi. Wengi lakini hawaachi ng'ombe zao, na wapo wasiokubali kulala chini ya paa la mkwe. Waliooana Mkristo na Mwislamu, kama zilivyo familia kadhaa za Mumias, wamerahisishiwa na kalenda: Krismasi huku, Idi kule. Mama anayelea watoto peke yake aende kwao bila kuulizwa na wake za kaka zake ataondoka lini. Na wenzi wanaotaka kubaki nyumbani kwao Nakuru na watoto wao, mwaka mmoja kati ya kadhaa, wasihukumiwe kwamba wamewatupa wazazi, ikiwa hakuna mzazi aliyeachwa peke yake.

Kinachobaki ni nani atoe habari, na hili ndilo huharibu mipango mizuri kuliko ukosefu wa nauli. Mume anakubaliana na mkewe usiku, asubuhi anakaa kimya, Desemba inafika, na mama mkwe anasikia kwa watu kwamba mkaza mwana ndiye aliyekataza. Kuanzia hapo mwanamke huyo amepewa jina ambalo halitamtoka. Wazazi waambiwe na mtoto wao wa kuzaa: mume awaambie wake, mke awaambie wake. Waambiwe kwa sauti, si kwa maandishi, na waambiwe kabla Oktoba haijaisha, mama akiwa bado hajaanza kuhesabu kuku. Maneno yenyewe si mengi. "Mama, Krismasi hii tutakuwa Seme kwa mama mkwe, yuko peke yake tangu mzee afariki. Watoto wanakuja kwako wiki ya pili ya Novemba, utakaa nao hadi mwisho wa mwezi. Mimi nitafika tarehe 27 kwa ule mkutano wa mpaka." Asiseme "mke wangu ameomba." Aseme "nimeamua," maana ameamua.

Akina mama wengi wakiambiwa hivyo mapema huelewa haraka kuliko wana wao wanavyoogopa, kwa sababu wao wenyewe ni mabinti wa watu. Wapo watakaokasirika. Mwana aivumilie hasira hiyo mwenyewe, kwenye simu ileile, bila kumpa mkewe aongee.